Mkufunzi Aliyempasua Mdogo Wangu Sikio

Mimi si mwepesi wa kusamehe, na sitaki mtu asome habari hizi akitegemea kwamba mwisho nitasamehe. Ninaandika juu ya mtu niliyemtakia mabaya kwa miaka mingi, nikampata, nikamshika pale pale panapomuuma. Mpaka leo nikiukumbuka uso wake siku ile, moyo wangu hutulia.

Nyumba yetu iko upande wa Lubaga, chini kidogo ya kilima chenye kanisa kuu la Wakatoliki, ingawa sisi ni Waislamu. Babu wa babu yangu alifika Buganda kutoka pwani na mizigo ya biashara, akaoa hapa na akazikwa hapa. Tangu wakati huo Kiswahili hakijatoka ndani ya nyumba yetu. Baba alifundisha watoto Kurani asubuhi na kuuza vitambaa vya kanzu mchana. Alipofariki, mama akaendelea na duka.

Hapa Kampala Kiswahili kina sifa mbaya. Watu wa umri wa mama wanakumbuka miaka ambayo mtu akikisikia mlangoni alijua aliyeko nje ana bunduki. Nilipokuwa shule ya msingi wenzangu waliniuliza kama baba yangu ni askari. Niliwajibu kwa Kiganda kwamba anauza vitambaa, nao hawakuniamini. Nilipokuwa mkubwa lugha hiyo hiyo ikanipa kazi. Nikawa mkalimani, mtu wa kukaa nyuma ya kioo na kuhamisha maneno ya mikutano kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi.

Mdogo wangu, mtoto wa mwisho kwa mama, hakupenda vitabu wala duka. Alipenda pikipiki. Alikuwa na steji yake, kijiwe cha bodaboda, kule Bwaise, kando ya Barabara ya Bombo, ambako mvua ikinyesha maji huingia mpaka uvunguni mwa vitanda na watu hupanda pikipiki ili wavuke mitaro tu. Aliwajua wateja wake mmoja mmoja. Mabibi wa sokoni walimpigia simu yeye na si mwingine, kwa sababu hakuwakimbiza barabarani na aliwashukisha mlangoni.

Halafu siku moja kukawa na vurugu za kisiasa. Matairi yalichomwa, mabomu ya machozi yakarushwa mpaka ndani ya maduka, na jioni polisi wakazoa kila kijana aliyeonekana na pikipiki. Mdogo wangu alikuwa amejificha kwenye saluni ya rafiki yake. Wakamtoa humo kwa ukosi wa shati.

Kesho yake asubuhi mimi na mama tulikwenda kituoni tukiwa na mfuko wa nguo safi. Tulisimama ukutani pamoja na wazazi wengine hadi jua likatufika usoni. Ndipo akatoka afisa aliyekuwa akisimamia mahojiano. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, na mikono midogo iliyotunzwa kama ya mtu wa benki. Askari wote walimwita afande. Mama akamsogelea.

"Afande, shikamoo. Naomba nimwone mwanangu. Nimwone tu, nimpe nguo, niende zangu."

Mama alikuwa mkubwa kuliko yeye. Alimwamkia vile kwa sababu alitaka kumpata mtoto wake, na angeweza kumpigia magoti. Yule bwana alimtazama kutoka ushungi mpaka viatu, kisha akawageukia askari wake.

"Munasikia hii Kiswahili? Hii ni Kiswahili ya Kurani." Akacheka. "Mama, mutoto yako iko ndani anasoma. Tunamufundisha ile ya kambi. Akishaijua tutakuletea yeye."

Askari wakacheka naye. Mama akashukuru. Nasema akashukuru, kwa sababu nilimsikia kwa masikio yangu akisema ahsante, na ni neno hilo kutoka kinywani mwake ambalo sikuweza kulimeza.

Mdogo wangu aliachiwa wenzake wakiwa bado ndani. Alirudi akitembea kama anayekanyaga ngazi isiyokuwepo, na damu kavu ilikuwa imeganda kwenye tundu la sikio la kushoto. Alituambia kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Afande yule hakutumia fimbo. Alimkalisha kwenye kiti, akasimama mbele yake, akamuuliza nani aliwalipa wachome matairi. Akijibu kwamba hajui, alimpiga masikio yote mawili kwa viganja, kwa pamoja, kama mtu anayeua mbu. Kisha alinawa mikono kwenye beseni, akarudi na swali lile lile.

Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka na kwamba ndani zaidi kuna kilichoharibika kisichotengenezeka. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. Mwendesha bodaboda asiyesikia lori linalokuja kushoto hawezi kukaa muda mrefu duniani, kwa hiyo akaacha. Pikipiki yenyewe haikurudishwa. Na kule steji wenzake walipoona ametoka mapema, wakasema ametoa majina. Hakuwa ametoa jina la mtu yeyote. Lakini alipokwenda kuwasalimia walimpisha njia kimya, na hakurudi tena Bwaise. Akaja kukaa dukani kwa mama, kupima vitambaa.

Tulipeleka malalamiko katika ofisi inayoshughulikia mambo hayo. Tulipewa viti na tukasikilizwa kwa heshima, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri. Yule afande alihamishwa kituo, akahamishwa tena, na kila alikohamishiwa cheo kilipanda. Nilikuwa nafuatilia. Nilijua ofisi yake iko wapi kama mwanamke anavyojua nyumba ya mke mwenzake.

Sasa nije kwenye warsha.

Nchi moja ya Ulaya ilikubaliana na serikali kadhaa za ukanda wetu kushirikiana kuimarisha haki za binadamu ndani ya polisi na magereza. Wataalamu wangetoka huko, maafisa wangetoka Uganda, Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo, na mikutano ingefanyika kwa zamu katika kila nchi. Wakongo hawakuwa na Kiingereza na wataalamu hawakuwa na Kiswahili, kwa hiyo wakahitajika wakalimani. Tulikuwa wawili katika kibanda chetu cha kioo: mimi na mzee mmoja Mtanzania ambaye alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake na aliyenifundisha karibu kila ninachokijua.

Mkutano wa Kampala ulifanyika katika hoteli iliyoko juu ya kilima huko Makindye. Asubuhi ya kwanza mratibu wa mradi, mama wa Kizungu mchangamfu aliyezoea kuvaa vitenge, akasimama na kumkaribisha mkufunzi mkuu kutoka upande wa wenyeji. Alisema ni afisa aliyesomeshwa ng'ambo na mradi huo, na kwamba ni mfano wa jinsi taasisi inavyoweza kubadilika. Mtu akainuka kutoka kiti cha mbele, amevaa suti ya rangi ya kijivu.

Niliona mikono yake kabla sijauona uso.

Alizungumza vizuri. Kiswahili chake cha kambi alikuwa amekipiga pasi. Wale wasiojua kazi yetu hawajui kwamba mkalimani hasemi "bwana huyu anasema kwamba". Mkalimani husema "mimi". Yeye akisema naamini, na mimi nasema naamini, kwa sauti yangu mwenyewe, ndani ya masikio ya watu. Basi nikakaa nyuma ya kioo nikisema kwa Kiingereza: Mimi naamini hakuna binadamu anayestahili kupigwa akiwa mikononi mwa dola. Mimi nimejitolea maisha yangu kumlinda raia aliye mnyonge. Mzee Mtanzania alinitupia jicho, kwa sababu kalamu niliyokuwa nimeishika ilivunjika.

"Una nini?" aliniuliza wakati wa chai.

"Kichwa," nikamwambia.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anakunja vitambaa, na hakuacha kukunja.

"Anafundisha haki," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mkufunzi mkuu. Na nasikia wanampeleka kwenye makao ya taasisi moja ya bara zima, akawe mshauri huko. Bado kupitishwa tu."

Mama akaweka kitambaa chini. "Baba yako angesema tumwachie Mungu," alisema. "Mimi nimemwachia Mungu muda mrefu. Sasa Mungu amekuweka wewe pale, mwenye mdomo."

Mdogo wangu alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni, kichwa amekigeuza upande kama afanyavyo siku hizi. Akaenda kuwasha televisheni, akaifungulia sauti mpaka mwisho.

Njia ilifunguliwa na mratibu mwenyewe. Siku ya pili alinijia wakati wa chakula, amekasirika. Ratiba ilikuwa na kipindi ambacho raia walioteswa wangekuja kuzungumza na maafisa, na polisi ndio walioachiwa kuwatafuta. Alikuwa ameongea na wale waliochaguliwa. Mmoja alikuwa baba mdogo wa dereva wa kituo, mwingine alikuja kuisifu polisi kwa kumrudishia ng'ombe wake.

"Huu ni mchezo wa kuigiza," alisema. "Wewe ni mtu wa hapa. Hakuna unayemfahamu, mtu wa kweli, ambaye anaweza kusema kwa utulivu?"

"Yuko kijana mmoja," nilisema. "Alikuwa bodaboda."

"Ataogopa?"

"Nitamuuliza."

Hakuniuliza kama ni ndugu yangu, nami sikumwambia. Sijutii.

Nilidhani nitambembeleza mdogo wangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Dada, atakuwa amekaa upande gani?"

"Mbele. Mkono wa kulia wa anayezungumza."

"Basi sawa," alisema. "Kulia nasikia."

Siku yenyewe alivaa kanzu aliyoshonewa na mama, nyeupe, na koti juu yake. Mama alikuwa ameipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Nilimwona kupitia kioo akiingia ukumbini, akasimama pembeni na hajui pa kukaa. Na nani akamwendea? Yule yule mkufunzi. Alimpa mkono, akamshika bega kama mwenyeji mwema, akamwongoza mpaka kwenye meza ya chai, akammiminia mwenyewe na kumuuliza sukari kiasi gani.

Hakumtambua. Baadaye mdogo wangu aliniambia kwamba kitu hicho kilimuuma kuliko viganja. Alikuwa amebeba uso wa mtu yule kila mahali kwa miaka yote hiyo, kumbe mwenzake hakubeba chochote.

Walipokaa, mratibu akaeleza kwamba kijana huyu amekuja kwa hiari yake na kwamba hatatajwa jina. Mdogo wangu akavuta kipaza sauti. Alizungumza polepole, bila kupandisha sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu. Alisimulia saluni, gari, kiti, viganja, beseni la maji. Mimi nikawa nasema kwa Kiingereza: Mimi nilisikia mlio, halafu upande huu ukazima. Sikujua kama nitaweza. Nikaweza. Sauti yangu haikutetemeka hata alipofika kwa mama aliyesimama ukutani na mfuko wa nguo.

Kupitia kioo nilimtazama yule mtu. Mwanzoni alikuwa anaandika, anatikisa kichwa kwa huruma. Mdogo wangu alipofika kwenye beseni, kalamu ya yule mtu ikasimama. Akamtazama mdogo wangu vizuri kwa mara ya kwanza. Nikamwona anaanza kumjua. Ningependa kusema nilimwonea huruma kidogo, lakini nilikuwa nafurahi mpaka miguuni.

Mdogo wangu alikuwa ameahidi hatamtaja mtu, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kipindi kile. Alipomaliza, mratibu akashukuru na akataka kuendelea. Ndipo afisa mmoja mwanamke kutoka Kenya, mtu mfupi mnene ambaye muda wote alikuwa kimya, akabonyeza kipaza sauti chake.

"Kijana, pole sana. Nina swali moja. Huyo afisa, ukimwona leo utamjua?"

Mratibu akainua mkono. "Sidhani kama ni lazima..."

"Namjua," mdogo wangu alisema. "Amekaa pale. Ndiye aliyenipa chai."

Nikalisema kwa Kiingereza lile lile, kwa uzito ule ule. Nikaona vichwa vya wataalamu vikigeuka kwa pamoja kuelekea suti ya kijivu.

Vipaza sauti vya mikutano ya namna hii vina taa nyekundu. Ukibonyeza kitufe inawaka, na kila unachosema kinaingia masikioni mwetu kibandani. Mkufunzi alikuwa amewasha chake dakika chache kabla, nadhani alitaka kusema neno la rambirambi, akasahau kukizima. Akamwinamia mwenzake aliyekaa jirani, afisa wa hapa hapa, akamnong'oneza. Suti ilikuwa bado ni ya kijivu, lakini Kiswahili kilirudi kambini.

"Hii kijana ndiyo tulikosea," alisema. "Tungemalizia yeye mule ndani. Atatoka hapa, tutamupata tu."

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kinachoingia sikioni hutoka mdomoni. Mzee Mtanzania ndiye aliyenifundisha hivyo. Lakini siku hiyo yeye ndiye aliyenyoosha mkono kutaka kuzima kitufe changu, kwa kuniogopea. Nikausukuma mkono wake. Nikasema kwa Kiingereza, taratibu, ili hata mtaalamu mwenye usingizi asikose neno:

"Kijana huyu ndiye tuliyemkosea hesabu. Tungemmalizia mle ndani. Akitoka hapa, tutampata."

Niliyasema kwa nafsi ya kwanza, kama ninavyosema siku zote, kwa sauti yangu mwenyewe, na sijawahi kutafsiri sentensi nikaifurahia kiasi kile. Ilinijia tamu mdomoni.

Mmoja wa wataalamu akavua kifaa cha masikioni akakitazama, kama kwamba kosa ni la kifaa. Mkufunzi hakuelewa kilichotokea, kwa sababu yeye hakuwa amevaa chochote masikioni. Aliona watu wanamtazama tu. Akatabasamu. Kisha akaona taa nyekundu mbele yake. Nilimwona akiiona. Aliikodolea macho, akaweka kile kiganja kidogo juu yake kama anayeficha kitu, kisha akainua uso akatafuta kibanda chetu. Macho yetu yakakutana. Sijui kama alinikumbuka ukutani pale kituoni, nimeshika mkono wa mama. Nilitaka anikumbuke. Nikavua ushungi nikaufunga upya, polepole, ili aone vizuri sura yangu na ya mdogo wangu ni sura moja.

Kipindi kikavunjwa. Mratibu alinivuta kwenye korido, uso umemwiva.

"Una hakika na ulichosikia?"

"Nina hakika."

"Sauti ilikuwa ndogo sana. Labda alisema kitu kingine. Lugha ina mambo mengi."

"Lugha hii ni ya mama yangu," nilimwambia.

Kisha akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba mradi huu umejengwa kwa taabu. Kwamba watu wa kule kwao wanatafuta sababu ya kuufunga. Kwamba mtu mmoja akianguka kazi yote ya miaka inaanguka naye, na wafungwa wanaopata nafuu kwa sababu ya mradi watakosa. Kama ningekubali kusema kwamba nilisikia vibaya, kwamba ni uchovu, basi yeye mwenyewe angehakikisha jambo lile linashughulikiwa ndani kwa ndani.

Nilimuuliza, "Na kijana?"

"Kijana tutamlinda."

"Kwa kutumia nani? Hao polisi waliokuwa wanatafuta mashahidi?"

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa haki yake. Alikuwa amempenda mwanafunzi wake na hakutaka kumpoteza. Lakini mimi sikuwa na nafasi ya kumwonea mtu mwingine huruma siku ile. Nikamwambia sikusikia vibaya. Akaniuliza kama namfahamu yule kijana. Nikasema ni ndugu yangu, tumbo moja. Akafumba macho.

"Basi umeharibu kila kitu," alisema. "Watasema ulipanga."

"Nilipanga aje," nilijibu. "Sikupanga aseme yale."

Na kweli wakasema hivyo. Kabla ya jioni mkufunzi alikuwa ametoa maelezo kwamba ni njama ya familia, kwamba mkalimani ametia maneno yake. Hapo ingekuwa ndiyo mwisho, kama ukumbi ungekuwa na Wazungu peke yao. Lakini yule afisa wa Kenya alisimama mbele ya wakuu wa ujumbe wote akasema yeye hakuhitaji mkalimani. Kiswahili anakielewa, na alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka pale. Alirudia maneno yale neno kwa neno, pamoja na ile "tungemalizia yeye". Mkongo mmoja akasema na yeye alisikia. Mtanzania mmoja aliyekuwa anapenda mzaha hakufanya mzaha, akasema alisikia. Wote walikuwa polisi. Kila mmoja alijua kwamba akirudi nyumbani anaweza kuulizwa kwa nini alimwuza mwenzake, na bado walisema.

Mambo mengine yaliendelea mbali na macho yetu. Kwa siku kadhaa pikipiki moja ilisimama mbele ya duka, juu yake mwanamume aliyevaa koti zito kwenye jua, hanunui na hasemi. Mama alimpelekea kiti akae. Hakukaa. Nikampigia simu afisa wa Kenya, ambaye kabla ya kuondoka alikuwa amenipa namba yake kimya kimya. Sijui yeye aligonga milango gani. Ninachojua ni kwamba mawakili wa huko Nairobi walitupigia, halafu tume ya haki ya bara ikaiuliza serikali yetu kwa maandishi usalama wa kijana fulani ukoje, halafu ubalozi wa ile nchi ya Ulaya ukauliza swali hilo hilo. Pikipiki ikaondoka. Nilikuwa nimezoea kuucheka ushirikiano wa kimataifa, maana ndani yake nilikuwa nimeona chai nyingi na hotuba nyingi. Tangu hapo siucheki. Unafanya kazi pale mtu mmoja mwenye cheo kidogo anapokataa kunyamaza, kisha wengine wanashindwa kujifanya hawajui.

Jina la mkufunzi likaondolewa kwenye ile nafasi ya ushauri. Suti zake za safari hazikusafiri. Akaondolewa kitengoni, akapelekwa kusimamia ghala la magari mabovu ya polisi. Hakushtakiwa mahakamani. Shauri letu bado liko mbele ya tume, linakwenda kwa mwendo wa mashauri. Mimi mradi haukuniita tena, wala miradi mingine inayofahamiana nao. Sasa nafundisha Kiswahili jioni kwa wafanyabiashara wanaokwenda Kongo, na ninatafsiria mawakili wakija.

Miezi kadhaa baadaye alikuja nyumbani. Alikuja na mkewe na shehe mmoja wa mtaani aliyemfahamu marehemu baba. Shehe alizungumza kwa muda mrefu juu ya kusamehe. Alisema kama familia itaondoa shauri, bwana huyu yuko tayari kuomba radhi hapa hapa, na hata kusaidia matibabu. Mkewe alikuwa anaangalia mkeka.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mdogo wangu, "Sikio ni lako. Sema wewe."

Mdogo wangu akasogea, akakaa upande unaosikia. "Mimi sitaki pesa," alisema. "Twende Bwaise mimi na wewe, mchana, watu wakiwepo. Uwaambie wale wa steji kwamba sikutoa jina la mtu. Ukisema hivyo, nitaondoa shauri leo."

Nilimwona yule bwana anapima. Akaangalia mikono yake.

"Hiyo siwezi," alisema mwishowe. "Mimi ni afisa. Siwezi kusimama mbele ya bodaboda."

"Basi chai imekwisha," mama alisema, akawachukulia vikombe.

Shehe aliondoka amekasirika. Mtaani wapo wanaosema sisi ni watu wenye roho ngumu, kwamba mtu amekuja mpaka mlangoni na tumemfukuza. Mdogo wangu hapendi tena jambo hilo lizungumzwe. Anasema amelichoka. Mimi sijachoka. Kila nikipata habari za shauri namsomea mama, naye ananiambia nisome tena.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Makindye kununua samaki. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amevaa shati la kawaida, amekonda shingoni, ameinama juu ya meza akivutana bei ya ngege mmoja mkubwa, mnono, macho yake bado yanang'aa. Mwenye samaki alikuwa ameanza kukubali. Nikaenda nikasimama kando yake, karibu kabisa.

Aligeuka. Mkono wake ulikuwa tayari mfukoni. Akautoa mtupu, akaniangalia, akapita kati ya meza za mboga akaenda zake, haraka kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa kwenda.

"Huyo mteja ana nini?" muuzaji aliniuliza.

"Nifungie huyo huyo aliyekuwa anamtaka," nikamwambia.

Mama alimpika kwa nazi na ndimu. Tulimla sote watatu mchana ule, mpaka kichwa.